Amebakiza miezi sita kwenye reli ya Marekani: asubiri au ahamie kwenye malori?

Swali la msomaji, kwa kifupi:

"Shikamoo mzee. Ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 34, naishi Kansas City na mke na watoto wawili. Tangu Agosti 2020 nipo kwenye gengi la njia, reli ya mizigo: kubadilisha mataruma, kukaza reli, kumwaga kokoto. Tarehe 31 Machi 2025 nimefanya kazi siku ya mwisho, wametupumzisha watu kumi na mmoja, wanasema watatuita kazi ikirudi. Mwaka 2022 pia walitupumzisha Januari na Februari, ila Februari waliniita siku mbili kuondoa theluji kwenye swichi, pale reli zinapogawanyika. Rafiki yangu anataka niache kabisa niende kuendesha malori, anasema yale makato makubwa ya pensheni nitarudishiwa. Nyumbani nilichangia NSSF miaka mitatu. Goti la kulia linanisumbua tangu Desemba. Marehemu baba alikuwa reli wakati wa Jumuiya, na mambo yaliyompata kuhusu mafao yake unayajua. Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka: usiandike barua ya kuacha kazi, wala usisaini karatasi yoyote inayosema umeacha kwa hiari yako, mpaka umalize kusoma jibu hili. Kupumzishwa na kuacha ni vitu viwili mbalimbali. Aliyepumzishwa analipwa. Aliyeacha bila sababu inayokubalika halipwi mafao ya kukosa ajira mpaka arudi reli na kufikisha tena kiasi fulani cha mshahara.

Sasa rafiki yako. Amesema jambo ambalo nimelisikia vijiweni miaka yote niliyokaa kwenye kazi hii, na si kweli. Makato yale hayarudishwi.

Chukua slipu yako ya mshahara ya Machi uiweke mezani. Mahali ambapo mkeo, kwa kuwa hafanyi kazi reli, ana makato ya Social Security, mfuko wa pensheni wa serikali kwa wafanyakazi wa kawaida, wewe una mistari miwili: Tier I na Tier II. Tuziite daraja la kwanza na daraja la pili. Daraja la kwanza ni asilimia 6.2 ya mshahara, sawasawa na anayokatwa mkeo, na kando yake ipo asilimia 1.45 ya Medicare, bima ya afya ya wazee. Daraja la pili ni asilimia 4.9 nyingine. Hilo mkeo hana, jirani yako dereva wa lori hana, na ndilo linalokuuma kila Ijumaa. Usichokiona kwenye slipu ni kwamba kwa daraja hilo hilo la pili mwajiri wako analipa asilimia 13.1 juu yako.

Ukiondoka reli kabla ya kutimiza miezi 60 ya utumishi, ile inayokupa haki ya pensheni ya reli, daraja la kwanza halipotei. Rekodi zake zinahamia Social Security, zinaungana na utakachochangia kwenye malori, na uzeeni zinahesabiwa pamoja. Daraja la pili ndilo linalobaki huko. Hurudishiwi, huhamishiwi, huwezi kudai. Tuseme mshahara wako umekuwa wastani wa dola 5,600 kwa mwezi. Asilimia 4.9 yake ni dola 274.40. Kwa miezi 54 hiyo ni kama dola 14,800 zilizotoka mfukoni mwako, na utaziacha kwa kukosa miezi sita.

Nimesema 54, na najua wewe ulikuwa unahesabu 56. Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa, kwa hiyo tuhesabu pamoja polepole. Reli haihesabu miaka tangu siku ulipoajiriwa. Inahesabu miezi ambayo ulifanya kazi ya kulipwa. Agosti hadi Desemba 2020 ni miezi 5. Mwaka 2021 ni 12. Mwaka 2022, ukitoa Januari na Februari ulizopumzishwa, ni 10. Mwaka 2023 ni 12, 2024 ni 12, na Januari hadi Machi 2025 ni 3. Jumla 54.

Lakini sheria yao ina ukarimu mmoja ambao wengi hawaujui: siku moja ya kazi ya kulipwa ndani ya mwezi inatosha kuufanya mwezi huo uhesabike mzima. Siku moja. Ukiitwa tarehe 31 Oktoba ukapiga zamu moja, kisha tarehe 1 Novemba ukapiga nyingine, ukapumzishwa tena, hizo ni siku mbili na miezi miwili. Ndiyo maana niliposoma kwenye barua yako kwamba Februari 2022 waliwahi kukuita siku mbili kwenye theluji nilivua miwani nikaisoma mara ya pili. Nitarudi hapo mwishoni. Na ndiyo maana pia nimesikitika na tarehe yako ya mwisho: 31 Machi ilikuwa Jumatatu. Mnyapara wenu angekubakisha mpaka Jumanne tu, Aprili yote ingekuwa yako.

(Wapo wanaopewa miezi ya nyongeza hata kama hawakufanya kazi, wakiwa bado ni watu wa kampuni na mshahara wa mwaka ulikuwa mkubwa mno. Kwa 2022 ungetakiwa kuwa umevuka dola 91,000 kupata mwezi mmoja wa aina hiyo juu ya kumi ulizofanya. Hukufika, tusonge.)

Miezi 60 hiyo haitakiwi kufuatana, wala haitakiwi kuwa ya kampuni moja. Ilimradi ni baada ya mwaka 1995, na ilimradi mwajiri yuko chini ya mfumo wa reli. Ukipata kazi ya miezi sita kwenye reli ndogo ya maili hamsini inayobeba mahindi huko Kansas, inahesabika sawa na kampuni kubwa. Ila hapo fungua macho. Si kila anayefanya kazi karibu na treni ni mtu wa reli kisheria. Madereva wa magari madogo yanayobeba wahudumu wa treni kutoka yadi kwenda hotelini, na vijana wa wakandarasi wanaohamisha makontena ndani ya yadi, kwa kawaida wako Social Security kama watu wengine. Nimewajua Wakongo na Wakenya kadhaa waliokaa yadi miaka minane wakijiita watu wa reli, na hawana hata mwezi mmoja. Swali la kuuliza kabla ya kupokea kazi ni moja: nitakatwa Tier II? Wakisema hapana, kazi inaweza kuwa nzuri, lakini haikuongezei mwezi.

Na mafao ya kukosa ajira hayaongezi mwezi. Ya ugonjwa pia hayaongezi. Yanakulisha tu.

Sasa tuje kwenye kukulisha. Kosa la kwanza la mtu wa reli aliyepumzishwa ni kwenda ofisi ya ajira ya jimbo, kwa sababu kila mtu mtaani anaenda huko. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nilipopumzishwa mara ya kwanza. Nilipanga foleni, nikajaza fomu, nikaambiwa nisubiri barua. Barua ilipokuja ilisema mwajiri wangu hayumo kwenye vitabu vyao. Kumbe mtu wa reli anadai kwa Bodi ya Mafao ya Wafanyakazi wa Reli, RRB, taasisi ya serikali kuu yenye makao yake Chicago. Wao ndio wenye pensheni, wao ndio wenye mafao ya kukosa ajira, wao ndio wenye mafao ya ugonjwa. Nilipofika kwao, siku zangu za mwanzo zilikuwa zimeshaoza.

Fomu unayoitaka inaitwa UI-1. Unaweza kuijaza kwenye tovuti yao. Lazima iwafikie ndani ya siku 30 tangu siku ya kwanza unayodai, na kwako siku hiyo ni 1 Aprili. Kwa hiyo usiipeleke mwezi wa tano, ipeleke leo usiku watoto wakilala.

Mwaka wao wa mafao unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Kwa mwaka unaoisha Juni 2025 wanaangalia ulichopata reli mwaka 2023: uwe umefikisha dola 4,737.50, wakihesabu si zaidi ya dola 1,895 kwa kila mwezi. Wewe ulifanya kazi miezi yote kumi na miwili, umepita bila kugusa nyavu. Kiwango cha siku ni asilimia 60 ya ujira wako wa siku, ila kuna dari, na dari ya mwaka huo wa mafao ni dola 94. Kwa mshahara wako utagonga dari.

Wanalipa kwa vipindi vya siku 14. Katika kipindi cha kwanza siku saba ni za kusubiri, hazilipwi, kwa hiyo utapata siku saba: dola 658. Kuanzia kipindi cha pili siku nne tu ndizo hazilipwi, unabaki na kumi: dola 940 kwa wiki mbili, kabla ya makato yoyote ya serikali, na serikali kuu inazitoza kodi ya mapato. Ni kidogo kwa mwenye nyumba na watoto, sikudanganyi. Zinalipwa hadi siku 130, yaani wiki 26. Nyongeza ya wiki 13 ipo kwa wenye miaka kumi ya utumishi, wewe bado. Julai 2025 ikifika wanapanga dari upya na kuanza kuangalia mshahara wa 2024. Kama utakuwa bado hujaitwa, hutasubiri zile siku saba mara ya pili, maana ni ukosefu wa kazi ule ule unaoendelea.

Watu wa makazini hupenda kusema "hizo ni hela zetu tulizokatwa." Si hivyo. Mfuko wa kukosa ajira na ugonjwa unajazwa na waajiri peke yao, hakuna hata senti iliyotoka kwenye slipu yako. Na kwa kuwa makampuni yenye madai mengi hutozwa zaidi, usishangae mwajiri akiyachunguza madai yako kwa jicho kali. RRB humtaarifu kabla ya kukulipa.

Kwa hiyo, ukiendesha lori siku tatu katikati ya wiki mbili, andika siku hizo tatu kwamba ulilipwa. Ukibeba abiria kwa gari lako mwenyewe, andika. Ukilipwa likizo, andika. Bodi hulinganisha majina na rekodi za mishahara za majimbo, na anayekutwa amedanganya hunyimwa mafao siku 75, anarudisha alichokula, na anaweza kushtakiwa. Nimemwona mtu mzima akilia kwa ajili ya dola mia tatu za vibarua.

Tukija kwenye goti, ndugu yangu, hapo una uamuzi ambao hauwezi kuukwepa. Mafao ya kukosa ajira analipwa mtu aliye tayari na anayeweza kufanya kazi, na anayeitafuta. Mafao ya ugonjwa analipwa mtu asiyeweza. Huwezi kuwa wote wawili siku moja. Kama goti linauma jioni lakini asubuhi unanyanyua taruma, wewe ni mtu asiye na ajira. Kama daktari amekuchunguza na kusema usinyanyue kitu wiki sita, wewe ni mgonjwa hata kama umepumzishwa, na kuendelea kudai ukosefu wa ajira kutakuletea balaa.

Kiwango cha siku ni kile kile, na fungu la ugonjwa lina siku zake 130 na siku zake saba za kusubiri, tofauti na lile jingine. Ila mlango wake ni mwembamba zaidi. Kuna fomu mbili: SI-1a unaijaza wewe, SI-1b anaijaza daktari, na zote mbili zinatakiwa kufika ndani ya siku kumi tangu siku ya kwanza ya kuumwa unayodai. Siku kumi kwa daktari wa nchi hii ni kama saa moja kwetu. Wewe chapisha SI-1b uende nayo mkononi siku ya miadi, usiondoke mapokezi kabla haijasainiwa. Wengi wamepoteza wiki mbili za malipo kwa sababu karatasi ilikuwa imelala kwenye trei ya kliniki. Mke wa mfanyakazi akijifungua halipwi hapa, lakini mwanamke anayefanya kazi reli mwenyewe, ujauzito na uzazi vimo kwenye mafao haya haya. Nasema hivyo kwa sababu dada zetu wameanza kuingia kwenye kazi za reli na hawaambiwi.

Hujasema goti liliumia wapi. "Tangu Desemba," umeandika, basi. Kama liliumia kazini, ukiteleza kwenye kokoto yenye barafu au ukibeba chuma ambacho kilitakiwa kubebwa na watu wawili, mambo yanabadilika. Mfanyakazi wa reli Marekani hana fidia ya kawaida ya ajali kazini ambayo wafanyakazi wengine wanayo kwenye majimbo yao. Ana sheria ya mwaka 1908, inaitwa FELA, inayomruhusu kumshtaki mwajiri moja kwa moja, akionyesha kwamba uzembe wa mwajiri ulichangia. Muda ni miaka mitatu. Kama hukutoa taarifa ya ajali Desemba kwa kuogopa kuonekana mkorofi, nenda kwa mwakilishi wa chama chako wiki hii, kabla ya kuzungumza na mtu wa madai wa kampuni, ambaye atakuja na sauti laini na kalamu. Na ujue: ukilipwa fidia baadaye, RRB ina haki ya kurudishiwa kutoka humo mafao ya ugonjwa iliyokupa kwa jeraha hilo hilo. Hakikisha wakili analiweka hilo kwenye hesabu.

Baba yako. Nimelifikiria hilo kuliko yote uliyoandika. Sisi tuliokulia kwenye nyumba za reli tunakumbuka: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, reli ikagawanywa, na watu waliokuwa wameitumikia toka ujana wakabaki na makaratasi. Wastaafu wa Jumuiya walikwenda mahakamani, waliandamana Dar es Salaam na fimbo zao za kutembelea, na wengi walikufa wakisubiri. Kwa hiyo kijana akiniuliza kama mfuko huu wa Marekani nao utakufa, simcheki.

Wamarekani nao walianzia pabaya. Kampuni za reli zilikuwa na pensheni zao binafsi tangu karne ya 19, na ulipofika mdororo wa miaka ya 1930 pensheni hizo zilikuwa zinaning'inia kwenye uzi. Bunge likatunga sheria mwaka 1934. Kampuni zikaenda mahakamani, na tarehe 6 Mei 1935 Mahakama Kuu ya nchi ikaifuta, majaji watano dhidi ya wanne. Bunge likatunga nyingine mwaka huo huo, ikarekebishwa 1937, na hiyo ndiyo ikasimama. Mwaka 1938 wakaongeza bima ya kukosa ajira, kwa sababu treni inavuka majimbo matano kwa siku na hakuna jimbo lililojua mfanyakazi ni wa nani. Ya ugonjwa ikaongezwa 1946. Mgawanyo wa madaraja mawili ni wa sheria ya 1974.

Kinachoutofautisha na mfuko wa baba yako ni namna fedha zinavyopatikana. Daraja la kwanza limefungwa na Social Security: kila mwaka mifuko hiyo miwili inafanya hesabu na kulipana, hivyo haitegemei wingi wa watu wa reli peke yao. Daraja la pili lina mfuko wa uwekezaji ulioundwa na sheria ya 2001, na kiwango cha makato kinapanda na kushuka chenyewe kulingana na akiba iliyomo: kwa mwajiri kati ya asilimia 8.2 na 22.1, kwa mfanyakazi kati ya sifuri na 4.9. Wewe tayari upo juu kabisa, haiwezi kukuzidi hapo bila sheria mpya. Akiba ikipungua, anayebanwa ni mwajiri. Mimi nauamini mfuko huu kuliko ninavyoiamini kampuni yoyote ya reli, na natumaini hilo linatosha kama tamko la maslahi.

Sasa ukifikisha 60, utapata nini? Kanuni ya daraja la pili ni asilimia 0.7 ya wastani wa miezi yako 60 bora, mara miaka ya utumishi. Kwa wastani wa 5,600 na miaka mitano, ni dola 196 kwa mwezi ukiichukua katika umri kamili, ambao kwa wewe uliyezaliwa 1991 ni miaka 67. Unaweza kuichukua kuanzia 62 ikiwa imepunguzwa. Dola 196 ya miaka zaidi ya thelathini ijayo haitanunua kinachonunuliwa leo, hilo nakubali mapema kabla rafiki yako hajalisema. Ikishaanza kulipwa hupandishwa kidogo kila gharama za maisha zinapopanda, lakini ni chini ya theluthi moja ya mpando huo, wakati daraja la kwanza hupandishwa kikamilifu.

Kwa hiyo sikushauri ukae miaka thelathini kwenye mataruma kwa ajili ya dola 196. Nakushauri usiiache kwa miezi sita. Halafu ukishapita 60, tazama upande wa pili wa mlima. Mtu mwenye miezi 360 anastaafu akiwa na miaka 60 bila kupunguziwa chochote, na mkewe akifika 60 naye anaanza kulipwa. Kwa wastani wa dola 7,000 na miaka thelathini, daraja la pili peke yake ni dola 1,470 kila mwezi, juu ya daraja la kwanza. Wewe uliingia na miaka 29. Hata ukiwa na mapengo kidogo ya majira ya baridi, unafika 360 karibu na sitini. Dereva wa lori wa umri wako atasubiri 67.

Ulemavu una ngazi zake. Asiyeweza kazi yoyote analipwa na Bodi akiwa na miaka kumi ya utumishi. Asiyeweza kazi yake ya reli tu, mfano goti limekataa mataruma lakini anaweza kukaa ofisini, anahitaji miaka 20, au kumi akishafika umri wa 60. Chini ya miezi 60, ulemavu wako ni suala la Social Security. Na ukifariki, Mungu aepushe, mjane na watoto wanalipwa na Bodi ikiwa ulikuwa na miezi 60 na pia ulikuwa bado na uhusiano wa karibu na reli: miezi 12 ya kazi ya reli ndani ya miezi 30 ya mwisho. Vinginevyo rekodi zinakwenda Social Security na wanalipwa huko, kwa kawaida pungufu. Hiyo miezi 12 kati ya 30 ndiyo gharama iliyofichika ya kuhamia malori moja kwa moja. Lori la mtu mwingine linaukata uhusiano huo. Biashara yako mwenyewe ambayo hujaisajili kuwa kampuni haiukati.

NSSF, kwa haraka. Marekani haina mkataba wa kuunganisha michango na Tanzania, wala na nchi yoyote ya Afrika. Miaka mitatu ya Tanga inabaki Tanga, na pensheni ya NSSF inataka miezi 180. Ukirudi nyumbani siku moja ukaitimiza, habari njema ni kwamba ile kanuni iliyokuwa inapunguza daraja la kwanza kwa mtu mwenye pensheni ya nje imefutwa na sheria iliyosainiwa 5 Januari 2025. Jambo jingine kwa anayeota kustaafia Raskazone: Medicare haitakulipia hospitali ya Tanga.

Nitakavyofanya mimi ningekuwa wewe: UI-1 leo usiku. Daktari wa goti wiki hii, na SI-1b mfukoni. Leseni ya lori endelea nayo, hata kibarua cha lori chukua, ukiziandika siku zake. Usipoteze nafasi yako kwenye orodha ya ukubwa kazini, yaani ya nani alitangulia kuajiriwa: mkataba wa chama unasema wakikuita una siku ngapi za kuitikia, na simu ya Tanzania iliyokuwa imezimwa haikubaliki kama sababu. Wakikuita kwa siku moja ya Novemba yenye mvua, nenda.

Na ile Februari 2022. Kila mwaka Bodi hutoa cheti kinachoitwa BA-6, kinachoonyesha miezi na mishahara ambayo mwajiri ameripoti. Kitafute, au kifungue kwenye akaunti yako ya tovuti yao, uangalie mstari wa 2022. Kama wameandika 11, theluji ile imehesabika na umebakiza miezi mitano, si sita. Kama wameandika 10, tafuta slipu ya malipo ya zile siku mbili, au hata ujumbe wa simu wa mnyapara aliyekuita, uandike barua ya kupinga. Muda wa kurekebisha ni miaka minne tangu siku ambayo mwajiri alitakiwa kuripoti, na kwa mwaka 2022 alitakiwa mwishoni mwa Februari 2023. Una mpaka Februari 2027. Ukikipata, niandikie namba hiyo moja tu.